Bi Nuru, Mtani Wetu

Siku hizi gari likizima injini karibu na mlango wangu, moyo unanienda mbio. Nitaeleza kwa nini.

Bi Nuru anakaanga korosho hapa Mikindani, na mdomo wake haujawahi kuwa na breki. Ni mtani wa ukoo wetu. Yeye na baba yangu, Mzee Ismaili, walibishana miaka na miaka. Baba, mtu wa chama tawala, alitetea agizo la serikali la korosho zote kuuzwa kupitia maghala ya ushirika. Bi Nuru, mpinzani wa kutupwa, alilipinga kwa sauti ya kufika sokoni. Wakimaliza, wanakula sahani moja.

Baba alipofariki, mimi mwenyewe nilimvalisha Bi Nuru fulana ya chama ya marehemu, maana msiba wetu bila mtani haujatimia. Akachechemea uani kama baba, akapaza sauti: "Korosho zote ghalani! Anayeuliza kwa nini, andika jina lake!" Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta.

Kumbe kuna mtu alirekodi. Kufikia Ijumaa video ilikuwa imefika hadi Kilambo, kule mpakani na Msumbiji, msiba wenyewe umekatwa, amebaki mwanamke mwenye fulana ya chama akiikejeli serikali.

Jumatatu mimi na Bi Nuru tuliitwa ofisini kwa mtendaji wa kata. Pembeni yake alikaa mwanamume ambaye hakutaja jina wala kazi yake. Aliichezesha ile video mara tatu. Bi Nuru alikuwa akisokota ncha ya kanga.

"Nilikuwa namtania marehemu, mheshimiwa," alisema. "Ndiyo mila yetu. Muulizeni mwanangu Asia, ndiye aliyenivalisha."

"Asipokuwa mtani, huu ni uchochezi, na tunaondoka naye," yule mtu alimwambia mtendaji. Kisha akanigeukia kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Mwalimu, wewe ni mtumishi wa serikali, sivyo? Huyu mama ni mtani wenu?"

Sitasingizia kuchanganyikiwa. Niliogopa. Niliiogopea kazi yangu, niliwaogopea wanangu, niliogopa gari lililoegeshwa nje bila namba.

"Kwetu hatuna watani," nikasema.

Bi Nuru aliniangalia, akaanza kutabasamu, akidhani namtania. Kisha akaona sicheki.