Magadi kwa Kila Mpira

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya mpira pale Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu hakuniuliza jina. Alinionyesha kinu, roli mbili za chuma zinazokanda mpira, akasema, "Mama, funga nywele. Hiki hakijui shikamoo." Nilimwogopa mwezi mzima. Leo namshukuru, maana vidole vyangu kumi viko vyote.

Tulitengeneza viwambo vya pampu, vile vinavyocheza juu na chini kuvuta maji kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji. Mpira mmoja wa kiwandani ulivumilia mafuta ya mashine, mwingine ulivumilia joto. Tulitaka sifa zote mbili, tukaichanganya kinuni, lakini kuchanganyika si kupatana. Kiwambo kilitoka cheusi kinang'aa, baada ya wiki kinabanduka matabaka kama chapati.

Moyo wangu haukutulia. Mdogo wangu Masanja alikuwa akishuka duara kule Masumbwe, na pampu yao ilifungwa kiwambo cha mkono wangu. Kikipasuka akiwa chini, maji hayapigi hodi.

"Ongeza masizi," aliamuru Fundi Mkuu, kwani masizi ndiyo huupa mpira nguvu. Niliongeza. Kikapasuka mapema zaidi!

Nikakikata kwa wembe, nikaona michirizi: mpira mmoja, ulio laini, umekula masizi yote, mwenzake mgumu umebaki na njaa. Bhebhe! nikashangaa kwa Kisukuma. Nikakumbuka kwetu Samuye. Ng'ombe mgeni hulambishwa magadi peke yake kwanza, la sivyo wenyeji humpiga pembe wakayamaliza.

"Fundi, kila mpira tuupe masizi yake, ndipo tuikutanishe."

"Nani kakufundisha?"

"Ng'ombe, Fundi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikubali, na mwenyewe akatia kidogo mpira wa tatu unaoshikana na yote miwili, kama mshenga. Tulikikunja kiwambo kutwa nzima, hakikubanduka. Akaniruhusu nikipeleke mwenyewe.

Masumbwe nilimkuta Masanja kakaa kando ya duara lililojaa maji. Kiwambo cha zamani kilikuwa kimepasuka wakati amepanda juu kula ugali. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Kipya kilidumu. Nami nilidumu kinuni hadi kustaafu, nikifundisha wengine magadi yale yale.

Kila Jumapili Masanja, mvi kichwa kizima, huja kwangu. "Shikamoo, dada." Naitika marahaba kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, kisha namwambia aongeze ugali.