Sauti ya Kuanzisha

Mwaka jana kanisa letu la Rangwe liliamua kuimba misa moja kama ilivyoimbwa miaka ya sitini, kwa Kilatini. Mwalimu wa kwaya akanifuata hadi Suna nilikoolewa. "Mama, wazee wote wamekwisha. Umebaki wewe. Dani yako ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo, siyo?"

Ndiye. Sikia, rafiki yangu: dani, yaani bibi yangu, hakujua kusoma. Nyimbo zile alifunzwa na katekista mwenye pumu, ambaye kila baada ya maneno mawili alisimama kuvuta pumzi. Wanawake wakajifunza wimbo pamoja na pumzi zake. Nyumbani dani aliuimba akisaga mtama, na pale katekista alipokuwa akihema, yeye alichota konzi nyingine na kuimwaga juu ya jiwe. Sisi watoto tuliitikia, tukinusa unga uliopata joto la jiwe na dagaa wa omena walioanikwa uani. Jumapili kanisa zima lilinyamaza penye vituo hivyo vya pumzi, hata ungesikia mbuzi wa jirani wakitafuna.

"Njoo nikufunze sauti ya kuanzisha, nyakwara, mjukuu wangu," aliniambia. "Wa kuitikia ni wengi."

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa shule alikuwa ametuonyesha kitabu cha noti za muziki, kisicho na vituo vile, akavicheka mpaka akashika mbavu. Basi Jumapili moja, mbele ya wanawake wenzake, nikamwambia dani kwamba amekosea miaka yote, kwamba anaimba pumu ya mtu.

Mmoja wao akacheka. "Haya, msomi, tuimbie wewe."

Dani hakucheka. Alijifunga leso upya, akaenda zake. Tangu siku hiyo alisaga kimya. Haukupita muda misa ikageuzwa Kijaluo, na hakuna aliyemwomba tena aanzishe.

Sasa nilisimama mbele ya vijana wa kwaya, nikafungua kinywa. Yakatoka maitikio tu. Sauti ya kuanzisha sikuwa nayo; sikuwahi kufunzwa. Mwalimu wa kwaya akasubiri, kisha akaketi kwenye kinanda akatunga yake, tamu, iliyonyooka, isiyo na kituo popote. Jumapili ikaimbwa, watu wakafuta machozi.

"Ndivyo ilivyokuwa, Mama?" akaniuliza mbele ya padri.

Nikasema ndivyo. Imerekodiwa, na watoto wa Rangwe wanafundishwa kwamba hiyo ndiyo sauti ya bibi yangu. Hakuna aliyebaki wa kunikosoa kama nilivyomkosoa yeye.