Kurasa za Shangazi Mwanasiti

Vijana mtakaosoma haya, msitarajie niwabembeleze. Mimi shule yangu ilikuwa chuo cha Kurani na jiko la mama, na ninayowaandikia niliyaona kwa macho yangu hapa hapa Likoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya njugu zikikaangwa kwa mchanga wa moto, watu wengine hujaa mate, mimi hujaa hasira. Ilikuwa vuli ile ya kungojea Uhuru, mvua zanyesha na kukatika, na kila mtu mzima alikuwa akizungumza bendera. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nimefiwa na Shangazi Mwanasiti, dada wa baba yangu.

Huyo ndiye aliyekuwa mwanamke wa pekee katika baraza la mtaa wetu. Zamani zile mja mzito akishikwa na uchungu huku ng'ambo yetu, hana budi kuvushwa kwa feri kwenda kisiwani, na wako waliojifungulia kwenye foleni, na wako waliorudishwa wamefunikwa kanga. Shangazi akadai nyumba ya uzazi ijengwe upande huu. Wanaume wakamcheka. Mmoja akasema, "Mwanamke na baraza, wapi na wapi?" Shangazi akamjibu, "Kwani wewe ulizaliwa na baraza?" Alidai mwaka mzima mpaka nyumba ikajengwa. Siku ya kufunguliwa, aliyesimama mlangoni na ufunguo mkononi ni Ami Hamadi, kaka yake wa tumbo moja, ambaye siku ya kukata shauri aliinua mkono kuikataa. Shangazi hakugombana naye. Alikwenda nyumbani akaandika. Aliandika maisha yake yote kwenye daftari kubwa, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wanawake wa kwetu, kila ukurasa juu yake Bismillahi, na chini yake nani alisema nini na nani aliinua mkono. Mwaka haukwisha, akafariki.

Siku ya tatu ya matanga Ami Hamadi akalitwaa lile daftari. Kulichoma aliogopa, kwa ajili ya zile Bismillahi. Akatafuta mkono wa mwingine umfanyie dhambi yake. Akampa Baba Kazungu, muuza njugu wa sokoni, Mgiriama mpole asiyejua zile herufi, afungie njugu zake. Ndipo siku moja mama akatununulia njugu, nami nikafungua karatasi, nikauona mwandiko. "Mama, huu si mkono wa shangazi?" Mama alijitanda buibui, tukaenda mbio sokoni. Baba Kazungu akatutazama kwa huruma, akasema, "Mama, mimi nimeletewa karatasi, sikuletewa ugomvi. Kanipa kakake mwenyewe." Akaturudishia zilizobaki, chache mno. Nyingine zilikwishatawanyika Likoni nzima na chumvi ya njugu zake.

Lakini Ami alisahau jambo moja, na hasira hupofusha. Kwetu, karatasi yenye herufi zile haitupwi wala haikanyagwi, kwa kuwa huenda ina jina la Mwenyezi Mungu. Huokotwa, ikachomekwa juu, kwenye ufa wa ukuta au kwenye makuti. Nikaenda nyumba kwa nyumba. "Hodi! Shikamoo, bibi. Hamna karatasi mliyoichomeka?" Nikanyooshewa kidole juu ya mlango, juu ya boriti, nami nikazichomoa, nyingine zimelowa, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Kurasa kadhaa hazikuonekana, na niliouhitaji zaidi ni ule wa siku ya kukata shauri, na bila ule shangazi yangu angebaki mwanamke aliyesema sana, basi. Niliupata wapi? Wallahi, nyumbani kwa Ami Hamadi mwenyewe. Mkewe alizila njugu zake, kisha akauchomeka ukurasa juu ya kitanda cha mumewe. Kusoma hajui. "Chukua, mwanangu," akaniambia, "maneno ya Mungu hayo, yasije yakavujiwa na mvua."

Wakaja marafiki wa shangazi nyumbani kwetu, mimi nikawasomea. Palipokosekana ukurasa, mmoja alisema, "Hapo nilikuwapo," akapajaza. Nao hawakusema tutafanya nini. Walingoja. Baada ya Uhuru Ami akamwoza binti yake, na harusi ya kwetu haiendi bila vugo, ngoma ya wanawake wenye pembe za nyati mikononi, wakizipiga na kuimba njia nzima. Wale marafiki wa shangazi walikuja wote, wamejipamba. Walipofika mbele ya nyumba yake, Ami amekaa barazani na wakwe zake wageni, wakasimama, wakampigia:

*Kaitaka Mwanasiti, nyumba ile ya uzazi,*
*Hamadi kanyosha kono, kasema haina kazi.*

Wakaliimba daftari zima, ukurasa baada ya ukurasa, na wakwe wanasikiliza. Mkwe mkubwa akamwuliza, "Hamadi huyu ni wewe?" Ami akainuka, akaingia ndani. Mtenda hutendewa. Niliambiwa na wengi nisifurahie fedheha ya mtu mzima. Nilifurahia. Sijapata kula pilau tamu kama ya siku ile.

Leo nyumba ya uzazi ni jengo la ghorofa, na mlangoni pana kibao cha jiwe chenye jina la Hamadi, walichokiweka wanawe baada ya wale wanawake wa vugo kufa wote. Nanyi mnasoma kibao, mnaamini, kwa kuwa siku hizi karatasi ni takataka na jiwe ndilo kweli. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Juzi mjukuu wa Hamadi alikuja hapa kuomba kura, ameshika picha ya babu yake. Nilikuwa nimelala. Nilipoamka nikawaita wanangu, wake zao na wajukuu, nikawaambia: Akirudi, mpokeeni, mpeni maji ya kunywa. Kiti msimpe mpaka aseme, mbele ya watoto, kwamba nyumba ile aliidai Mwanasiti na babu yake aliikataa. Akishindwa kusema, mfungulieni mlango atoke.