Fundi Aliyekunja Wanyama

Mtaa mzima ulimwita Mama Kipimo, kwa sababu hata kabla hujaketi alikuwa ameshaona kuwa bega lako la kulia limeshuka. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, cherehani moja, na hamu moja isiyozeeka: kusoma chuo cha afya ya mifugo. Chuo kilitaka ufaulu wa biolojia, tena hakikupokea mtu aliyevuka arobaini na nne. Biolojia alikuwa ameanguka mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho.

"Samaki mkunje angali mbichi," dada yake mkubwa alimtania siku aliyokuja kupunguziwa gauni. "Wewe mdogo wangu umeshakauka."

"Mkavu ndiye asiyeoza, dada. Simama wima nisikuchome pini."

Kilichomwangusha ni uainishaji. Aliyakariri makundi ya wanyama kama kasuku, na kwenye mtihani yote yakamruka. Safari hii akashika mkasi. Alimchora kila mnyama kwenye karatasi ya kukatia nguo, akamkata, akamkunja. Panzi, mjusi, ng'ombe, hata binadamu, wote walikubali mkunjo mmoja tu, katikati, kulia kukalalia kushoto kama shati. Konyeza, yule wa baharini mwenye mwili wa ute, alikunjika pande nyingi kama sketi ya duara. Sifongo, wale wanyama wa baharini wenye matundu matundu, wengi hawakukunjika popote. Hao akawaita viraka.

Akafika kwa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota na mikono mitano. Mikunjo mitano! Akamweka na konyeza, roho kwatu. Jumamosi mwalimu wa darasa la watu wazima, kijana wa umri wa mwanawe, akampigia alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, nimemkunja kwa mikono yangu!"

"Umemkunja mkubwa, mama. Mkunje mtoto wake." Akachora ubaoni kitoto cha kiti cha pweza, kidogo mno, chenye kulia na kushoto kama panzi. "Hilo duara analipata ukubwani. Kiukoo yuko karibu na sisi kuliko konyeza."

Mama Kipimo alikasirika, na tusimfichie. Kisha akacheka peke yake mpaka wenzake wakageuka. Mara ngapi ameletewa gauni lililotiwa mikono mipya na kola mpya, naye akaligeuza ndani nje atazame mishono ya kwanza? Kazi hii ameifanya miaka ishirini, leo ndiyo anaambiwa ni biolojia.

Kwenye mtihani wa vitendo akawekewa sinia, na ndani yake, kiti cha pweza. Akaandika kundi lake, na penye "toa sababu" akaanza na mtoto.

Matokeo yalitoka akiwa amepiga magoti kwenye pindo la sketi ya dada yake, pini mdomoni. Dada ndiye aliyesoma kwenye simu. Alisoma kimya, akarudia kwa sauti: amefaulu.

Mama Kipimo alitema pini zote sakafuni, akalia bila haya.

"Sasa mimi nitashonewa na nani?" dada aliuliza.

"Tafuta fundi, dada. Mwezi ujao naanza shule."

Dada alifuta macho kwa kitambaa cha mteja. "Chuoni si mnavaa koti jeupe? Basi kitambaa nanunua mimi, na usithubutu kubisha."