Mume Niliyemsubiri Kliniki

Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa muuguzi mgeni, wiki ya pili tu, kwenye zahanati moja ya Tarime vijijini. Akaingia Rhobi, mjamzito, na mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, nikajisemea huyu ni mama mkwe.

"Mume yuko wapi?" nikamuuliza Rhobi.

Rhobi akainama. Nikadhani mumewe humgombeza. Basi somo la chuoni likanipanda kichwani. Nikaeleza kwamba kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja homoni ya hofu ya mama isimfikie mtoto, na mama akigombezwa kila siku kimeng'enya hicho huzidiwa.

"Ndiyo maana namtaka huyo mwanaume!" nikafoka, nikapiga meza. "Anajificha nini?"

Foleni nzima ikageuka kututazama. Rhobi machozi yakamtoka.

Yule mama akasimama taratibu. "Mwanangu, mimi sikujaliwa mtoto. Kwa mila yetu, mwanamke kama mimi huoa mke; huyu nimemwoa kwa ng'ombe wangu, anizalie. Mume ni mimi."

Akamfuta Rhobi machozi, kisha akanigeukia.

"Nyumbani kwangu hagombezwi. Sasa hiyo homoni, leo nani kaipandisha?"