Kumfunga Konstebo Mutua Glavu

Siku yangu ya kwanza katika kambi ya polisi Garissa, Sajini aliyesimamia ndondi alinitupia glavu mbili. "Ipi ya mazoezi?" Nikainua ile nzito, akanipa ufunguo wa stoo, niwe mtunza glavu. Nilikuwa raia, Msomali pekee pale, na vita vya serikali na shifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa vimepamba moto. Kila asubuhi nilipita getini roho mkononi.

Vijana, kazi yenyewe ni hii. Glavu ya mazoezi ni nene, ya wakia kumi na sita, kwa sababu unayempiga utakula naye jioni. Ya mashindano ni ya wakia nane au kumi, na ngumi yake hufika mfupani. Bonyeza penye vifundo vya vidole. Sufu ya ndani ikiwa imehama, itupe. Joto la kwetu hupasua ngozi, kwa hiyo nilizipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Sajini alichukia harufu yake.

Kisha gari la doria likashambuliwa njia ya Wajir, na kaka yake bondia wetu, Konstebo Mutua, akauawa. Baada ya mazishi Mutua alikuja stoo.

"Nipe zile nyepesi. Na wewe vaa, tuingie ulingoni."

"Wallahi, afande, hizo za kubigana mashindano. Kwa mazoezi zitaua mtu."

Sajini alikuwa mlangoni. "Mpe," akasema.

Bondia hawezi kujifunga kamba za glavu mwenyewe. Basi mimi ndiye niliyemfunga mtu aliyetaka kuniua, naye akinitazama bila kupepesa.

Sijavaa zangu, bunduki zikalia upande wa mto. Wote wakakimbilia silaha, Sajini naye. Mutua akabaki na mikono isiyoweza kushika kitu, akaninyooshea.

"Fungua!"

Nilijua mikono hiyo ikiwa huru itashika bunduki, na Msomali wa karibu ni mimi. Nilifungua hata hivyo, fundo la mwisho kwa meno.

Alichukua bunduki yake. Nikafumba macho, nikatamka shahada. Kitu kizito kikaniangukia mabegani: koti lake refu la polisi.

"Livae, ulale chini. Wenzangu wakiona hiyo shuka yako ya Kisomali, hiyo macawis, watakumaliza."

Alirudi jioni akiwa hai, akachukua koti lake. Kesho yake aliomba glavu za mazoezi. Nilimwogopa mpaka nikastaafu, na katika kambi nzima ile, ni yeye tu ninayemwombea dua.