Punda Tuliyedhani Kalewa

Pombe ya mtama inakunywa maji kabla watu hawajainywa. Anayebisha aje apike. Kwenye kumbukumbu ya marehemu mume wangu tulijaza mapipa, na maji yote hayo yalitoka korongoni, kwenye visima vya mchangani, mgongoni mwa punda wangu jike. Ibada ilifanyika kwanza. Katekista alihubiri vizuri, halafu alipofika nyumbani akakaa akiyapa mapipa mgongo, ili akiulizwa aweze kusema hakuona kitu. Mtu mwema sana yule. Alikunywa chai mpaka nikamwonea huruma.

Sasa, kwetu huku Haneti punda aliyebeba maji ya pombe halali bila kupewa chake. Ni desturi, na sijui nani aliianzisha. Basi wifi yangu, dada wa marehemu, akammiminia machicha ya pombe hiyo kwenye karai, akaongeza na kimea kilichobaki, ule mtama uliooteshwa ukakaushwa, mtamu hata mtoto anauiba.

"Kula, mama," akamwambia. "Na wewe umefiwa."

Punda akala mpaka karai likang'aa. Wakammiminia tena.

Asubuhi tukamkuta amesimama vibaya. Miguu ya mbele ameitupa mbele, uzito wote kaurudisha nyuma, kama mtu anayekataa kuvutwa. Ukimvuta kweli, anayumba. Wageni waliolala pale kwetu wakatoka kutazama.

"Kalewa huyo!" akasema shemeji, mdogo wake marehemu. "Machicha yamemkolea."

"Marehemu mwenyewe hakuwahi kuyumba hivi," wifi akadakia, "na alikuwa na miguu miwili tu!"

Jamani, watu walicheka. Walikuwa wamelia jana yake, na mtu aliyelia sana huwa anatafuta pa kucheka. Wakasema aachwe alale, pombe imtoke. Pombe haikumtoka, maana haikuwamo. Kesho yake akawa amelala chini, anatokwa jasho kivulini. Nilimshika kwato nikaondoa mkono haraka. Zilikuwa za moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Shemeji akaleta chuma. Huku kwetu mnyama akiumwa mguu anachomwa moto, na si mnyama tu. Mimi nina kovu kifuani, nilichomwa utotoni kwa ajili ya kikohozi. Kikohozi kiliondoka, nadhani kiliogopa. Lakini siku hiyo nikamwambia, "Shemeji, kwato zinaungua tayari, unaongeza moto wa nini?" Akakasirika, akakitupa chuma kwenye nyasi kavu, nyasi zikashika. Tukazima kwanza, ndipo tukaendelea kugombana.

Aliyetuamua ni afisa mifugo. Ni binti aliyesomea Mpwapwa, anazungukia vijiji vyetu kwa pikipiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," nikaongeza salamu yetu ya Kigogo. "Nitazamie huyu."

Akachuchumaa, akapapasa mguu juu kidogo ya kwato, akatulia kama anayesikiliza. Mshipa ulikuwa unapiga kwa nguvu, akasema. Kimea kingi kimechafua tumbo, na ubaya wa tumbo umeshukia miguuni. Ndani ya kwato kuna nyama laini inayoushika mfupa. Nyama hiyo imevimba, na ukwato ni mgumu, hautanuki. "Ni kama kidole kilichovimba ndani ya pete, bibi."

"Kwa hiyo hajalewa?" wifi akauliza.

"Hajalewa, mama. Anaumia."

Wifi akaingia ndani. Mchana huo hakutoka hata kula.

Yule binti alikuwa na dawa mbili za kutuliza uvimbe na maumivu. Moja ya chupa, ya sindano, wafugaji wa ng'ombe wanaijua. Nyingine ya unga, aliyoagiza Dodoma mjini, ya kuchanganya na chakula. Akasema ni ndugu hao, kazi yao moja, ila hawana tabia moja, na tusizitumie pamoja, maana zitaumiza tumbo na figo. Akaagiza pia nimmwagie maji ya baridi kwenye kwato na nimtandikie mchanga laini.

Maji! Aliyekuwa anayaleta ndiye aliyelala. Nikajitwisha dumu kichwani nikaenda mwenyewe. Wanawake kisimani wakanipokea: "Mama Punda, siku hizi nani anamwendesha mwenzake?" Nikawajibu kwamba zamu yangu imefika. Shingo iliniuma, lakini niliporudi na kuyamwaga taratibu kwenye zile kwato alikuwa anafumba macho, na hapo sikukumbuka shingo.

Binti alianza na sindano, nayo ilikuwa na haraka. Mimi darasa la pili sikulimaliza, kwa hiyo dawa nilizipima kwa masikio ya punda. Maharage jikoni hayajaiva, masikio yamesimama, anavuta nyasi. Lakini jua halijazama vizuri, masikio yameshuka tena, anasaga meno. Binti akaniambia mwili wa punda unaimaliza dawa hiyo upesi kuliko wa farasi, na vipimo vingi vilivyoandikwa ni vya farasi. Ingebidi achomwe asubuhi na jioni, kwenye mshipa, na yeye ana vijiji vingine, mvua ikinyesha njia hazipiti.

Basi tukaiacha ile iishe mwilini, tukaingia kwenye unga. Unga ni mchungu. Nikauficha kwenye nyasi zilizokatwa, nikazilainisha kwa mlenda, akadanganyika. Huu haukuwa na mbio. Masikio yalifika nusu yakabaki hapo, lakini yalibaki, mchana na jioni. Nikaupenda unga kama unavyompenda mtu asiye na maneno mengi. Kisha kinyesi kikawa maji, vidonda vikatokea kwenye fizi, nyasi akaziacha. Kilichotuliza miguu kilikuwa kinalichokoza tumbo.

"Mpe zote mbili," shemeji akasema. "Mbili si zaidi ya moja?"

"Wewe una wake wawili. Umepata amani mara mbili?"

Baadaye nilimwona anamkatia punda nyasi changa kando ya korongo, peke yake, nami nikajifanya sijamwona.

Unga ukasimamishwa. Tumbo lilipotulia, binti akarudia sindano, na siku hiyo punda akainuka mwenyewe. Akatoka nje ya boma, akashika njia ya kisimani kama aliyetumwa. Wifi akapiga vigelegele. Nilimfuata nyuma nikiwa nalia, namwambia marehemu, ambaye hasikii, kwamba punda wake anatembea.

Binti alipomwona njiani alizima pikipiki. Hakufurahi.

"Mrudisheni polepole. Dawa imemnyamazishia maumivu, ndiyo maana anaikanyaga miguu mibovu."

Akainua ukwato. Chini kwenye wayo, mbele ya ule ukanda laini wa katikati, palikuwa na ufa kama kucha ya mwezi, unatoa majimaji. Akanionyesha, hakunificha.

"Mfupa umeshuka, bibi. Unataka kutokea chini."

"Turudi kwenye unga."

"Unga hauwezi kuupandisha."

"Basi sindano, uzidishe."

"Atapumzika saa chache, kisha atayasikia yote."

Nikamuuliza kama hakuna dawa ya tatu. Akatazama chini.

"Ipo. Ila hiyo hairudiwi."

Nilikaa mchangani na punda mpaka asubuhi iliyofuata. Binti alipokuja nilimwomba aanze na ile ya haraka, tungoje ifanye kazi kwanza, asife akiwa anaumwa. Akakubali. Tukangoja. Wifi alikuja akakipakata kichwa cha punda, hakusema neno, na huyo ni mtu ambaye hata kanisani hanyamazi. Ndipo ikatolewa sindano nyingine, ile isiyorudiwa.

Shemeji na vijana wake walichimba shimo. Ardhi ya huku ukiichimba kiangazi ni kama unagonga mlango wa mtu aliyesafiri, lakini walichimba kirefu, fisi wasimfikie.

Binti alikuwa ameshakaa kwenye pikipiki, hajaiwasha. Nikamsogelea.

"Mwanangu, tungekuita asubuhi ile ya kwanza, angepona?"

Akavaa kofia yake, akaifunga kidevuni, akaifungua, akaifunga tena.

"Sijui, bibi."

Alikuwa anajua. Nikamshika mkono, nikamwambia asante, aende salama, njia ina mchanga.